Magamba Yaliyompoteza Mtaalamu

Magharibi ya kijiji cha Kate, nyanda za juu za Ufipa huteremka hadi Ziwa Tanganyika. Konokono wa huko ni wa ajabu: wengi wana magamba manene yenye mbavu, na *Tiphobia horei* ana miiba mirefu, utadhani katoka baharini.

J. E. S. Moore, Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1896 na tena 1899, aliyapanga magamba hayo kwa umbo. Aliona yanafanana mno na visukuku vya bahari za Jurasiki, vyenye zaidi ya miaka milioni 145. Katika kitabu chake cha 1903 akatangaza kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale.

Hoja tamu, lakini haikusimama. Ziwa lina takribani miaka milioni 9 hadi 12 tu, na vinasaba vinawaweka wengi wa konokono hawa katika Paludomidae, familia ya maji baridi. Unene wa magamba yao ni ngao dhidi ya kaa na samaki wavunjao magamba.

Ukioga ziwani, usizoe magamba matupu ya konokono aitwaye *Neothauma*: samaki wadogo hutagia humo.