Bundi wa Oman na bundi wa Pemba: ndege wanaohesabiwa kwa sauti

Mwezi uliopita, hapa Deira, mjukuu wangu alitusikilizisha kwenye simu sauti ya bundi wa Oman. Bibi yake akaruka: "Zima hiyo, usituitie msiba!" Sikumlaumu. Sisi wa Pemba tumelelewa hivyo. Bundi akilia juu ya paa, mtu hutoka na jiwe. Mimi nimerusha mengi pale Wete, na huku padri wa skuli yetu ya misheni akitwambia kila siku kuwa ule ni ushirikina.

Lakini ni sauti hiyo iliyomtoa ndege huyu gizani. Machi 2013, Magnus Robb na Arnoud van den Berg walikuwa milima ya Hajar, Oman, wakirekodi bundi mwengine mdogo, wakasikia mlio wasioujua. Wakamtangaza kuwa ni aina mpya, wakampa jina la Oman. Mwaka 2015 uchunguzi wa vinasaba ukaonyesha kuwa ni aina ile ile ya ndege mmoja aliyeelezwa mwaka 1878, kutoka Omara, pwani ya Makran, ng'ambo ya bahari yetu. Mwaka huo huo wa 2015 akasikika Wadi Wurayah, Fujairah, mwendo usiofika saa mbili kwa gari kutoka hapa.

Ndege huyu ana rangi ya jabali na hutoka usiku, basi macho hayasaidii sana. Dume hulia kutangaza mipaka yake. Msikilizaji husimama kimya mahali palipopangwa, huandika saa, upande wa sauti na idadi yake, kisha hurudi usiku mwengine. Wakijibizana kutoka magenge mawili, hao ni wawili, si mmoja aliyeruka. Siku hizi huachwa pia mashine ya kurekodi bondeni. Kwangu mimi niliyezeeka na ukarani, hilo ni daftari la mahudhurio: mwalimu hakuhitaji kumwona mtoto wa dawati la nyuma, alisikia "nipo", akatia alama. Bonde lililokuwa na alama sita likibaki na mbili, mhifadhi ana karatasi ya kuweka mezani kabla ya machimbo ya mawe kupewa kibali.

Pemba nako ni vivyo hivyo. Bundi mdogo wa Pemba, aliyeelezwa na Pakenham mwaka 1937, hapatikani kisiwa chengine chochote wala bara. Yumo msitu wa Ngezi na kwenye mikarafuu. Mchana hujificha kwenye majani, hesabu yake ni ya usiku. Baadhi ya wale niliowarushia mawe huenda walikuwa yeye.

Jambo moja kwa wanaopenda kulala milimani: msimpigie bundi sauti ya simu ili ajibu. Hudhani mgeni ameingia kwake, akaacha kiota kwenda kupigana. Zimeni gari, sikilizeni, andikeni saa na mahali.

Mjukuu sasa huisikiliza sauti ile kwa vifaa vya masikioni. Bibi yake bado anamtazama kwa pembe ya jicho.