Seva ya Wengi: Kanuni za Barua Pepe za Jumla, Kutoka Grahamstown Hadi Overport

Kila kampuni ya kuhifadhi tovuti nchini Afrika Kusini humtaka mteja akubali masharti ya matumizi kabla ya kumfungulia akaunti. Mengi ya masharti hayo hayamsumbui mtu mwenye nia njema: asiibe kazi za wengine, asihifadhi picha za unyanyasaji wa watoto, asitumie seva kuvamia mitambo ya watu. Linalomfikia mfanyabiashara wa kawaida ni lile la barua pepe za jumla. Linamkataza kutuma matangazo kwa watu wasioyaomba, na linamwekea kikomo cha barua anazoweza kutuma kwa saa moja. Overport ni mtaa wa Durban ulio juu ya mgongo wa Berea, ilipofunguliwa hospitali ya McCord mwaka 1909, na leo ni mtaa wa maduka, zahanati na ofisi ndogo. Hapo sharti hilo linamhusu mwenye duka la vitambaa sawa na daktari wa meno anayewakumbusha wagonjwa wake siku ya miadi. Historia yake ina zaidi ya miaka 40, na sehemu kubwa iliandikwa na mafundi wa mitambo kabla wabunge hawajalitazama jambo lenyewe.

Tangazo la kwanza la jumla linalokumbukwa lilitumwa Mei 3, 1978. Gary Thuerk, mtu wa masoko wa kampuni ya kompyuta ya DEC ya Marekani, aliwaandikia watu wapatao 400 waliokuwa kwenye mtandao wa ARPANET, akiwaalika kwenye maonyesho ya mashine mpya. ARPANET ilikuwa mali ya Wizara ya Ulinzi, iliyotengwa kwa kazi za serikali na utafiti. Wapokeaji walilalamika, wasimamizi wakakemea, na msingi ukawekwa: mtandao una mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema utumike kwa kazi gani. Thuerk mwenyewe alidai baadaye kwamba tangazo lile lilimletea mauzo makubwa. Hapo ndipo mzizi wa tatizo ulipo hadi leo, kwa sababu kutuma ni karibu bure na gharama humwangukia anayepokea.

Afrika Kusini iliingia kwa mlango mwembamba. Mwaka 1988, Mike Lawrie, Francois Jacot Guillarmod na Dave Wilson wa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Grahamstown ambao leo unaitwa Makhanda, walianza kubadilishana barua pepe na ulimwengu kupitia FidoNet, wakisaidiwa na Randy Bush aliyekuwa Portland, jimbo la Oregon. Nchi ilikuwa chini ya vikwazo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, na barua zilisafiri kwa simu ya kimataifa, modemu hadi modemu. Kila dakika ililipiwa. Hapakuwa na haja ya kanuni ndefu kuhusu matangazo wakati bili ya simu yenyewe ilitosha kumzuia mtu. Novemba 1990 kikoa cha .za kilikabidhiwa kwa Lawrie, na Novemba 1991 Rhodes na nyumba ya Bush kule Portland zikaunganishwa kwa itifaki kamili ya intaneti. UNINET, mtandao wa vyuo ambao Chuo Kikuu cha Natal cha Durban kilikuwa ndani yake, uliendeshwa kwa ajili ya elimu na utafiti. Upande wa pili wa bahari, huko Marekani, njia kuu ilikuwa mtandao wa NSFNET, na masharti ya matumizi ya NSFNET yaliruhusu utafiti na elimu tu, biashara ikakatazwa.

NSFNET ilizimwa Aprili 30, 1995, na katazo lake likaondoka nayo. Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo kilikuwa kimetokea kisa kilichoonyesha nani angeshika zamu. Aprili 1994 Laurence Canter na Martha Siegel, wanasheria wa Arizona waliokuwa mume na mke, walibandika tangazo la bahati nasibu ya vibali vya kuishi Marekani kwenye maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Hakukuwa na sheria waliyoivunja. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi cha kuilemea seva ya mtoa huduma wao, naye akawafungia akaunti. Tangu siku hizo kazi ya kulinda mtandao dhidi ya matangazo ilihamia kwenye mkataba kati ya kampuni na mteja, na humo ndimo ilimo hata sasa.

Kampuni za intaneti za Afrika Kusini zilizochipuka katika miaka hiyo zilikuwa na adui mwingine aliyezikutanisha. Telkom, shirika la simu lililokuwa na ukiritimba wa laini, lilianza mwaka 1996 kuuza intaneti lenyewe. Kampuni hizo zikaunda ISPA, chama cha watoa huduma za intaneti, mwaka huohuo ili zisimezwe. Chama kilichozaliwa kwa ugomvi wa soko ndicho kilichokuja kuandika kanuni za maadili ambazo wateja wa Durban wanazisoma, bila kujua, ndani ya masharti ya kampuni zao. Kanuni hizo zinamtaka kila mwanachama asitume wala kuhimiza utumaji wa barua za jumla zisizoombwa, achukue hatua zinazofaa ili mtandao wake usitumike kwa kazi hiyo, awe na njia ya kupokea malalamiko, na ampe mteja masharti ya matumizi kabla ya kufunga naye mkataba.

Sababu ya ukali huu huonekana vizuri zaidi ndani ya seva yenyewe. Tovuti ndogo haina mashine yake. Seva moja hubeba mamia ya wateja, na barua za wote hutoka kwa anwani moja ya IP, kama nyumba ya wapangaji yenye bomba moja la maji. Chukua mfano wa duka la Overport lililonunua orodha ya anwani 10,000 kwa mtu asiyeeleza alizipata wapi. Mwenye duka anabonyeza kutuma usiku. Barua zinapanga foleni, na seva inabisha hodi kwa kila mpokeaji mmoja mmoja. Kabla ya kufungua mlango, seva ya upande wa pili huchukua anwani ya IP ya mgeni, huzigeuza sehemu zake nne mwisho kuwa mwanzo, na kuuliza kwenye orodha nyeusi. Kwa Spamhaus, shirika lililoanzishwa na Steve Linford mwaka 1998, jibu la 127.0.0.2 maana yake anwani hiyo inajulikana kwa barua taka. Orodha ya kwanza ya namna hii iliundwa na Paul Vixie mwaka 1997, na mbinu yake ya kuuliza kupitia mfumo wa majina ya vikoa haijabadilika sana.

Orodha za kununua zina sumu nyingine. Ndani yake mna anwani zilizokufa zamani na anwani za mtego, zilizopandwa makusudi na wapambanaji wa barua taka, ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzitumia kuomba chochote. Barua moja ikitua kwenye mtego ni ushahidi kwamba mtumaji hakuomba ruhusa. Kufikia asubuhi anwani ya seva imeorodheshwa. Majibu yanaanza kurudi yakiwa na nambari 550 au 554, yaani mlango umefungwa. Nambari zinazoanza na 4 humaanisha subiri kidogo, na seva hujaribu tena kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa. Anayeumia kwanza siye mwenye duka. Ni wakili aliye kwenye seva hiyohiyo ambaye hati yake ya mahakama haikufika, na daktari wa meno ambaye mgonjwa wake hakuona ukumbusho. Hawakufanya kosa lolote, na mara nyingi hawajui kwa nini.

Ndiyo maana programu za kusimamia seva kama cPanel humwezesha mwenye mtambo kuweka kikomo cha barua kwa saa kwa kila kikoa, na kuzuia kikoa ambacho sehemu kubwa ya barua zake zinagonga mwamba. Kikomo hicho humsaidia hata mteja asiye na hatia, kwa sababu barua taka nyingi hutumwa na wezi walioiba nenosiri au walioingia kupitia fomu ya mawasiliano ya tovuti ambayo haijasasishwa. Akaunti ikisitishwa usiku wa manane bila onyo, mteja huona ameonewa. Hasira yake inaeleweka. Hata hivyo, kila saa ya kusubiri inawaongezea majirani zake siku za kungoja kuondolewa kwenye orodha nyeusi.

Serikali iliingia mwaka 2002 kwa Sheria ya Mawasiliano na Miamala ya Kielektroniki, Namba 25. Kifungu cha 45 hakikukataza matangazo yasiyoombwa. Kilimtaka mtumaji atoe njia ya kujiondoa, na akiulizwa aeleze alikozipata taarifa za mtu. Aliyeendelea kumtumia mtu aliyekwisha kukataa alitenda kosa, na adhabu yake ilikuwa faini au kifungo kisichozidi miezi 12. Kilikuwa kifungu dhaifu, kwani kilimwachia mpokeaji mzigo wa kukataa, mtumaji mmoja baada ya mwingine.

Nguvu ya sheria ile ilikuwa kwenye Sura ya 11, isiyotaja barua taka hata kidogo. Sura hiyo inamkinga mwenye seva asishitakiwe kwa maudhui ya wateja wake, kwa sharti kwamba yeye ni mwanachama wa chombo kinachotambuliwa na waziri na anafuata kanuni za maadili za chombo hicho. ISPA ilitambuliwa rasmi Mei 2009. Kuanzia hapo kampuni iliyopuuza kanuni za barua za jumla haikuhatarisha jina lake tu. Ilihatarisha kinga yake mbele ya mahakama. Bunge halikuandika kikomo cha barua kwa saa, lakini liliwapa walioandika masharti sababu nzito ya kuyasimamia. Pengine hakuna uamuzi mwingine uliomgusa zaidi mteja mdogo wa Durban.

ISPA pia ilichapisha orodha ya aibu, yenye majina ya watumaji wa barua taka nchini. Kampuni moja iliyokuwemo, Ketler Investments, ilikwenda Mahakama Kuu mjini Johannesburg kutaka jina lake liondolewe. Mwaka 2013 mahakama ilikataa ombi hilo. Kwa watoa huduma, hukumu hiyo ilikuwa kibali cha kusema hadharani kile ambacho mafundi walikuwa wakikisema baina yao kwa miaka.

Sheria ya Kumlinda Mlaji, Namba 68 ya 2008, ilianza kutumika Machi 31, 2011 na kumpa kila mtu haki ya kuzuia matangazo ya moja kwa moja. Daftari la kitaifa la wasiotaka kusumbuliwa, ambalo sheria hiyo ililitazamia, lilicheleweshwa kwa zaidi ya muongo.

Mgeuko mkubwa ulikuja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 4 ya 2013, maarufu kama POPIA. Sehemu yake kubwa ilianza Julai 1, 2020, na muda wa kujiandaa ukaisha mwaka mmoja baadaye. Kifungu cha 69 kiligeuza mzigo: sasa mtumaji ndiye anayepaswa kupata ridhaa kwanza. Asiye mteja anaweza kuombwa ridhaa mara moja tu. Mteja wa zamani anaweza kutumiwa matangazo iwapo anwani yake ilipatikana wakati wa mauzo, bidhaa zinafanana na zile alizonunua, na kila barua inampa nafasi ya kukataa bila gharama. Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hulikosa: POPIA inalinda taarifa za kampuni kama inavyolinda za mtu binafsi, kwa hiyo kuziandikia ofisi badala ya watu si mwanya wa kupita. Februari 2024 Mdhibiti wa Taarifa, anayesimamia sheria hiyo, alitoa amri yake ya kwanza ya utekelezaji kuhusu matangazo ya aina hii, dhidi ya kampuni ya FT Rams Consulting, iliyoendelea kumwandikia mtu aliyekwisha kuomba iache. Anayekaidi amri kama hiyo anaweza kutozwa hadi randi milioni 10.

Mwezi huohuo wa Februari 2024, Google na Yahoo zilianza kudai kwa watumaji wakubwa kile ambacho sheria isingeweza kupima. Anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima kikoa chake kithibitishwe kwa SPF, DKIM na DMARC, yaani njia za kuhakiki kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye kikoa, barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko yasifikie asilimia 0.3. Kwa duka la Overport maana yake ni kwamba barua za kawaida za oda na ankara zinaweza kubaki kwenye seva ya pamoja, na jarida la wateja lihamie kwa huduma iliyojengwa kwa kazi hiyo. Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinaelekeza hivyo.

Afrika Mashariki, iliyounganishwa na Afrika Kusini kwa kebo ya SEACOM tangu Julai 2009, imefuata mkondo wa karibu. Tanzania iliugusa ujumbe usioombwa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Sheria yake ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikaanza Mei 1, 2023. Kenya inadai ridhaa kwa matumizi ya kibiashara ya taarifa za mtu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Aprili 2025 Mdhibiti wa Afrika Kusini alirekebisha kanuni za POPIA. Ridhaa sasa inaweza kuombwa kwa simu, kwa ujumbe mfupi au kwa WhatsApp, bila kulazimika kutumia fomu ya karatasi. Ukimya wa mteja hauhesabiwi kuwa ridhaa, na anayeiomba kwa simu anapaswa kurekodi mazungumzo na kumpatia mhusika akiyahitaji.