Hiyo Chupa ya Mimea Imebeba Mambo

Niliua mmea wa kunasa nzi. Ule ambao jani linafunga kama mdomo mdudu akiingia. Niliufungia kwa chupa kubwa yenye kifuniko, nikaweka kando ya kitanda, nikawa naumwagilia maji ya mfereji. Wiki sita, umeoza. Kumbe ulikuwa unataka jua kali, hewa na maji ya mvua, juu chumvi ya maji yetu huumiza mizizi yake. Kwao udongo hauna rutuba, ndio maana unakula wadudu.

Nikaanza kujiuliza: nani alituambia tufungie mimea ndani ya kioo?

London, 1829. Daktari anaitwa Nathaniel Ward anapenda kangaga, lakini moshi wa makaa unaziua zote. Siku moja anaweka kifukofuko cha nondo (yule mdudu, si chuma ya mjengo) kwa chupa yenye udongo mbichi. Anasahau nondo: ndani ya chupa kangaga imeota yenyewe! Akaunda masanduku ya kioo, na 1833 akatuma mawili kwa meli hadi Sydney. Mimea ikafika hai.

Hapo ndipo stori inabadilika. Zamani upepo wa chumvi baharini ulikuwa unamaliza miche. Sasa ukiwa na sanduku la Ward, mmea wa watu wengine unaweza kuwa wako. Robert Fortune akatumia masanduku hayo kuhamisha chai kutoka China hadi India. 1876, mbegu kama 70,000 za mpira zikatolewa Brazil hadi bustani ya Kew, na miche karibu 1,900 ikapelekwa Ceylon, ndani ya masanduku yayo hayo. Baadaye mashamba ya Asia yakaipiku Brazil kabisa. Ward mwenyewe simlaumu, yeye alikuwa na kangaga zake tu.

Lakini mimi je? Mmea niliouua, porini asili yake ni Carolina mbili tu, kule Marekani. Watu wameuiba sana msituni hadi North Carolina, 2014, ikafanya kuuchimba bila ruhusa kuwa kosa kubwa la jinai. Nilimuuliza aliyeniuzia alitoa wapi wake. Alinitumia emoji ya kucheka.

Chupa bado iko tupu. Itakaa hivyo hadi nipate muuzaji wa kunionyesha mmea mama.