Nyumba Kongwe Kuliko Mpaka

Apitaye Busia au Malaba huona malori, mabati na forodha. Ni nadra aitazame nyumba ya msonge iliyosalia shambani. Nayo ni kitabu cha historia.

Waluhya na Wateso wa huku walijenga kwa miti. Kwanza nguzo zilichimbiwa kwa duara. Kisha fito zikafungwa kwa kamba za magome, na makombamoyo yakakutanishwa kileleni. Ndipo udongo ulipokandikwa na nyasi zikaezekwa. Basi udongo ulikuwa vazi tu. Mzigo wa paa ulichukuliwa na miti. Upenu ulizuia mvua isiumomonyoe ukuta, na moshi wa jikoni uliwafukuza wadudu walao miti na nyasi.

Tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza waliutoa Mkoa wa Mashariki katika Uganda wakautia katika himaya iliyoitwa Kenya tangu mwaka 1920. Amri ya mwaka 1926 ikaueleza mpaka, sehemu yake ikifuata mito ya Sio na Malaba. Wateso na Wasamia wakajikuta wamo katika nchi mbili. Lakini pande zote mbili mafundi waliendelea kuchimbia nguzo na kufunga fito kama walivyofunzwa na baba zao.

Nyumba ya miti haidumu kama jiwe. Hudumu katika mikono ya wajuao. Mikono hiyo ikizeeka bila kupata mwanafunzi, utabaki mpaka peke yake kutusimulia mambo ya kale. Basi, mwulizeni mzee wa kwenu jina na kazi ya kila mti, mkayaandike.