Zamu ya Kusema: Mpangilio wa Wasemaji katika Mkutano wa Wakuu wa Nchi

Zamu ya kusema ni utaratibu unaoamua, katika mkutano wa viongozi wa nchi mbalimbali, nani atasema kabla ya nani, kwa muda gani, katika kikao cha aina gani na kwa idhini ya nani. Katika maandishi mengi ya Kiswahili jambo hili hutajwa kwa majina matatu, yaani itifaki, orodha ya wasemaji na ratiba, yakitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Makala haya yanashikilia kwamba kila jina lina kazi yake, na kwamba kuyachanganya huwazuia wasomaji kuelewa kinachotendeka katika mikutano ambayo maamuzi yake huwafikia hadi majumbani mwao.

Itifaki ni neno lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya makubaliano, nalo katika Kiswahili cha leo limebanwa na kuwa jina la kanuni za heshima rasmi: nani aketi wapi, apokewe na nani, atajwe kwa cheo gani. Mizizi ya kanuni hizo ni ugomvi. Mwaka 1661, jijini London, wafuasi wa balozi wa Hispania na wa balozi wa Ufaransa walipigana hadi kuuana kwa sababu ya gari la farasi la nani litangulie katika msafara wa mapokezi, kwa kuwa aliyetangulia alihesabiwa kuwa ndiye mwenye mfalme mkubwa zaidi. Mkutano wa Vienna wa 1815 ndio uliokata mzizi wa fitina hiyo kwa kukubaliana kwamba ukubwa wa balozi miongoni mwa mabalozi wenzake wa daraja moja utafuata tarehe ya kutangazwa rasmi kuwasili kwake, si nguvu ya mfalme aliyemtuma. Na msingi huo wa tarehe ukaingizwa katika Mkataba wa Vienna wa 1961 unaotawala uhusiano wa kibalozi hadi sasa. Itifaki, basi, hupanga vyeo na ukongwe. Haitoshi peke yake kueleza nani atasema lini, maana jambo hilo lina sheria zake, na mara nyingine sheria hizo huenda kinyume kabisa na mazoea ya msomaji.

Mazoea ya msomaji wa pwani yanaonekana waziwazi katika hafla za hadhara za Mombasa bara. Shule inapofunguliwa Changamwe, zahanati inapozinduliwa Likoni au barabara inapokabidhiwa Kisauni, shughuli huanza kwa dua, kisha husema mzee wa mtaa au chifu, akafuata mwakilishi wadi, akaja mbunge, na kuendelea kupanda hadi kwa gavana au mgeni mwingine mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliohudhuria. Kila msemaji humkaribisha aliye juu yake, na kitenzi hicho cha kukaribisha kina uzito, kwa sababu anayekaribisha hukiri mbele ya watu kwamba aliyekaribishwa anamzidi. Hata katika sherehe za kitaifa za Kenya, naibu wa rais ndiye humkaribisha rais. Mgeni wa heshima husema mwisho, na baada yake hapana hotuba tena, isipokuwa neno la shukrani na dua ya kufunga. Kwa hiyo mtu aliyekulia Mtongwe au Mjambere hujua bila kufundishwa kwamba kusema kwanza ni kazi ya mdogo, na kwamba mkubwa ndiye mwenye kauli ya mwisho.

Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ngazi hiyo hupinduliwa. Katika mjadala mkuu unaofanyika kila Septemba jijini New York, Brazil ndiyo husema kwanza, desturi iliyoshika tangu kikao cha kumi cha 1955, na sababu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba katika miaka ya mwanzo, wakati nchi nyingine zilisita kufungua mjadala, Brazil ilijitolea. Marekani hufuata kwa kuwa ndiyo mwenyeji. Baada ya hizo mbili, orodha hushuka: wakuu wa nchi kwanza, kisha makamu wa rais na warithi wa viti vya ufalme, wakuu wa serikali, manaibu wao, mawaziri, na mwishoni viongozi wa kawaida wa ujumbe, huku waandaaji wakizingatia pia uwiano wa maeneo ya dunia na siku ambazo nchi zimeomba. Rais husema siku za mwanzo, balozi husema siku ukumbi umeshapungua watu. Msikilizaji wa Kisauni anayesikia redioni kwamba rais fulani alisema asubuhi ya kwanza na waziri fulani akafunga siku ya mwisho anaweza kudhani kwamba waziri ndiye aliyetukuzwa, na mwandishi aliyetosheka na kuandika kwamba itifaki ilizingatiwa atakuwa hajamsaidia hata kidogo.

Orodha ya wasemaji ni jina la waraka, na waraka huo una maisha yake. Hufunguliwa wiki nyingi kabla ya mkutano, nchi zikajiandikisha, na sekretarieti ikagawa nafasi kwa kufuata daraja la atakayesema. Nchi iliyopangiwa nafasi ya rais ikimtuma waziri badala yake hupoteza nafasi hiyo na kushushwa hadi kundi la mawaziri, na nchi mbili zilizo katika kundi moja zinaweza kubadilishana nafasi kwa makubaliano na kuiarifu sekretarieti. Mjadala mkuu ni hali ya pekee, kwa sababu katika shughuli za kawaida za Baraza Kuu kanuni ya 68 humtaka mwenyekiti awape wajumbe nafasi kwa kufuata walivyotangulia kuomba, pasipo kujali ukubwa wa nchi. Kanuni ya 73 humruhusu kuitangaza orodha, kisha kwa ridhaa ya Baraza kuifunga, na baada ya kufungwa anayetaka kujibu alichosingiziwa hulazimika kuegemea haki ya kujibu, ambayo hutolewa mwishoni mwa siku, dakika kumi kwa jibu la kwanza na dakika tano kwa la pili. Hotuba ya mjadala mkuu imewekewa ukomo wa dakika 15 kwa hiari, na taa iliyo mbele ya msemaji humkumbusha muda ukiisha. Ukomo huo una historia: tarehe 26 Septemba 1960 Fidel Castro wa Cuba alisema kwa saa 4 na dakika 29 mfululizo. Katika mikutano ya karibuni ya tabianchi, ambako marais zaidi ya mia moja huweza kufika kwa siku mbili, muda umebanwa hadi dakika tatu, na wakati mwingine hotuba hutolewa katika kumbi mbili kwa wakati mmoja, hali inayomfanya rais wa nchi ndogo aseme mbele ya viti vitupu huku macho ya dunia yakiwa ukumbi wa pili. Hapo upangaji wa zamu huwa siasa kamili, na afisa anayeushughulikia ana mamlaka makubwa kuliko cheo chake.

Njia ya tatu ya kupanga, mbali na daraja na maombi, ni kura, ambayo hutumika katika kupanga viti. Kila mwaka Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa huchagua kwa kura nchi itakayokalia kiti cha kwanza ukumbini, na nchi zilizobaki hufuata kwa mpangilio wa alfabeti wa majina ya Kiingereza, jambo ambalo wanachama wa chama cha akina mama cha Timbwani au Magogoni wangelielewa mara moja, kwa kuwa nao huokota karatasi zilizokunjwa ili kuamua nani atapokea fedha mwezi wa kwanza, na hakuna anayenung'unika kwa sababu hakuna aliyependelewa.

Zamu hubadilika pia kwa aina ya kikao. Kikao cha wazi hufanyika mbele ya wanahabari, na hotuba zake huwa zimeandikwa na hata kusambazwa mapema. Kikao cha faragha huwaacha viongozi na washauri wachache, na humo orodha hulegea, kwa maana mwenyekiti anaweza kumpa nafasi anayehisi ana neno la kufungua fundo. Kikao cha meza ya duara huvunja ukumbi katika makundi, kila moja likiwa na wenyeviti wenza, na jopo humkabidhi mwongoza mjadala kazi ya kuuliza, hivi kwamba rais hujikuta anajibu swali badala ya kuhutubia. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mkataba uliotiwa sahihi tarehe 30 Novemba 1999 unasema kwamba Mkutano wa Wakuu wa Nchi huamua kwa maafikiano na kwamba uenyekiti wake huzunguka kila mwaka; kwa hiyo kabla ya zamu ya kusema kuna zamu ya kuongoza, na ya pili ndiyo huitawala ya kwanza. Mkutano wa pamoja wa Jumuiya hiyo na ile ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025 kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo, uliongozwa na wenyeviti wawili, Rais William Ruto wa Kenya na Rais Emmerson Mnangagwa wa Zimbabwe, huku Rais Paul Kagame wa Rwanda akiwa ukumbini na Rais Félix Tshisekedi wa Kongo akishiriki kwa njia ya video. Kanuni zilizotungwa wakati ambapo kila msemaji alikuwa na kiti na bendera mbele yake bado hazijazoea kiongozi aliye kwenye skrini.

Mwenyekiti anapomruhusu mjumbe, Kiingereza hutumia neno lenye maana ya sakafu, na wapo wanaolitafsiri hivyo hivyo hadi msikilizaji akaduwaa. Kiswahili kina maneno yake yaliyokomaa: mjumbe huomba nafasi, hupewa nafasi, hunyimwa nafasi. Maneno haya husikika kila wiki katika vikao vya ushirikishwaji wa umma ambavyo Katiba ya Kenya ya 2010 imevilazimisha kwa kaunti, ambako wakazi wa Port Reitz au Shika Adabu huinua mkono au kuandikisha majina, wakapokezana kipaza sauti kwa kufuata waliotangulia kuomba. Huo ndio msingi wa kanuni ya 68, unaofanya kazi kwa Kiswahili bila kuazima chochote.

Mombasa inahusika na suala hili kuliko inavyodhaniwa. Wageni wa mikutano ya kimataifa hutua kwenye uwanja wa ndege ulio Changamwe na hukutana katika hoteli za Bamburi na Shanzu, na ni katika mji huu, mwaka 1928, ambapo mkutano wa nchi za Afrika Mashariki ulikiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu na kukiacha Kimvita cha wenyeji. Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji alipowahutubia viongozi wenzake wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, hata wakalimani hawakuwa wamejiandaa. Mwaka 2022 umoja huo ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya kazi, na tangu hapo istilahi za kuendeshea kikao zimekuwa vifaa vya lazima. Bado kuna pengo moja linalohitaji kuzibwa haraka. Mbunge wa Kenya anayetaka kumkatiza msemaji aliyekiuka kanuni husimama kwa hoja ya nidhamu, ilhali mwenzake wa Tanzania husimama kuhusu utaratibu, na wakalimani wa kikao kimoja wanaweza kuyatoa yote mawili kwa tendo lile lile, ambalo kwa kanuni linaweza kuruka orodha yote ya wasemaji na kusikilizwa papo hapo. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inafaa iwaite makarani wa mabunge ya nchi wanachama na wakalimani ili wachague moja, kisha ichapishe orodha ya istilahi za vikao ambamo itifaki itabaki kuwa jina la vyeo, orodha ya wasemaji jina la waraka, ratiba jina la saa na siku, na zamu ya kusema jina la haki yenyewe.