Sanamu Isiyo na Majina: Kutoka Nairobi hadi Buna

Mjadala kuhusu kuondolewa kwa sanamu za kikoloni nchini Kenya umezoea kuizunguka Nairobi. Ile ya Lord Delamere iliondolewa wakati wa Uhuru mwaka 1963, na ile ya Malkia Victoria katika Bustani ya Jeevanjee ikakatwa kichwa mwaka 2015. Hizi hazitatushughulisha sana hapa. Walioadhimishwa walikuwa watawala, na majina yao yalijulikana.

Matini iliyo ngumu zaidi kufasiriwa ni Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi, wanawakilisha Waafrika waliotumikia Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake yamo katika Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Maneno yenyewe, aliyoyatunga Rudyard Kipling, yanawaahidi wafu kwamba wana wao watayakumbuka majina yao. Ajabu ni kwamba sanamu hiyo haikuorodhesha jina la hata mmoja wao! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wahanga wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuadhimishwa kwa majina, au pengine hawakuadhimishwa kabisa. Kwa maoni yetu, wanaotaka sanamu hii ing'olewe wanailaumu shaba ilhali kosa limo katika maandishi. Ikiondolewa, deni nalo litasahaulika.

Hoja hii hudhihirika zaidi tukiitazama kutoka Buna, kaskazini mwa Wajir. Ahadi ile ilikuwa na umri wa miaka 12 tu askari wa King's African Rifles walipoondoka Moyale mwaka 1940, na Waitalia wakasonga hadi Buna. Kisha ikaja dhuluma ya dola huru. Mnamo Februari 1984, wanaume wa Kidegodia walikusanywa na majeshi ya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, wakazuiliwa juani kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliona, mwaka 2013, kwamba huenda vilikaribia 1,000. Mwaka 1988 utawala uleule ulijijengea Mnara wa Nyayo jijini Nairobi, kusherehekea miaka yake 10.

Kwa msomaji wa Buna, basi, swali la sanamu ipi ing'olewe huja la pili. La kwanza ni la orodha ya majina, ambayo kwa miaka mingi ilihifadhiwa vinywani mwa wajane na manusura.