Faili ya Njano

Kwenye laptopu yangu kuna faili moja ambayo imekuwa ya njano tangu 2021. Wenzake wote washabadilika. Mpangilio wangu ni rahisi: nyekundu sijaanza, njano kuna mtu lazima nimuulize kitu, bluu rasimu ya kwanza imekamilika, kijani imeisha. Juzi nikajiuliza, kwani nani alianza huu mchezo wa kupaka kazi rangi?

Si waandishi wa vitabu. Angalau hii ya kupima hatua kwa rangi, naiona zaidi kwa watu wa filamu. Kule Hollywood, upigaji picha ukianza, hadithi haikomi kubadilika. Mtu anaandika onyesho upya usiku, asubuhi linapigwa. Basi kurasa za kwanza zinakuwa nyeupe, mabadiliko ya kwanza yanachapwa kwenye karatasi ya bluu, yanayofuata waridi, halafu njano, kijani, kisha rangi ya dhahabu. Wanasambaza zile kurasa zilizobadilika tu. Huo haukuwa urembo. Mwigizaji akishika ukurasa mweupe na fundi wa taa ana wa waridi, papo hapo inajulikana kuna mtu amebaki nyuma. Rangi ilikuwa ujumbe kati ya watu wengi wanaoshiriki kazi moja.

Mwandishi aliye peke yake alikuwa na shida nyingine, mpangilio. Vladimir Nabokov aliandika kwenye kadi ndogo, hata ndani ya gari akizunguka Marekani kusaka vipepeo, na kadi unaweza kuzichanganya utakavyo, ukaandika mwisho kabla ya mwanzo. Alipofariki 1977 aliacha kadi 138 za riwaya ambayo haikuwa imekamilika, The Original of Laura. Alikuwa ameagiza ichomwe. Haikuchomwa. Ilitoka 2009, na kadi zikachapwa kwa namna ambayo msomaji angeweza kuzichomoa na kuzipanga mwenyewe. Hebu fikiria, rasimu zako za njano zipangwe na watu usiowajua!

Mwaka wa 2007 Mwingereza Keith Blount akatoa programu ya Scrivener, na humo mambo haya mawili yakakutana: ubao wa kadi za kusogeza, na lebo za rangi. Kando ya rangi kuna sehemu ya hali, kuanzia kazi ambayo bado hadi iliyokwisha. Maana ya kila rangi unaamua mwenyewe, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa watu wa filamu, rangi ilibadilika kwa sababu maandishi yamebadilika. Mimi naweza kubadilisha rangi bila kugusa hata neno moja. Nimewahi kushinda Jumamosi nzima nikipaka sura rangi, chai ikapoa, jioni nikawaambia watu ati nimechoka na kuandika.

Halafu namkumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o pale Kamiti, 1978, akiandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi ya choo. Askari jela wakaipekua seli, wakachukua rasimu, baadaye akarudishiwa. Kitabu kikatoka 1980. Sisemi mateso huzaa kazi nzuri. Wanaosema hivyo mara nyingi wamekaa kwenye viti vizuri. Ila kwake swali la rasimu imefika wapi lilikuwa na uzito mwingine kabisa: iko mikononi mwa nani?

Sasa hiyo faili yangu. Ni insha kuhusu shosho, na jinsi familia yake ilivyohamishiwa kijiji cha lazima wakati wa Hali ya Hatari, akiwa msichana. Alinisimulia karibu yote, nami nikaandika karibu yote. Nilibakiza swali moja: siku nyumba yao inachomwa, mama yake alitoka amebeba nini? Nikaipaka njano. Nilipanga kumuuliza Desemba nikienda nyumbani. Tulimzika Oktoba.

Ndugu yangu mmoja aliniambia, "Si uandike tu sufuria, nani atajua?" Labda hakuna. Lakini siwezi kuirudisha nyekundu, kwa sababu imeandikwa, wala kuipeleka bluu, kwa sababu haijakamilika. Programu inaniruhusu kuongeza rangi mpya na kuipa jina ninalotaka. Nimefungua hiyo orodha mara kadhaa. Pale pa kuandika jina bado ni patupu.